Waliozaliwa Januari Mosi

Maneno haya niliyasema Septemba 2025 katika ukumbi wa kanisa, Louisville, Kentucky, mbele ya Waswahili wa hapa mjini. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Vicheko na vilio vya watoto nimeviacha.

Shikamooni wazee wangu. Jambo sana kwa ndugu wa Kivu na Katanga, amahoro kwa Warundi, habari zenu Wakenya, na wenzangu wa Kigoma, mwidiwe.

Kabla sijasema lolote, naomba kila ambaye karatasi zake zinasema alizaliwa tarehe mosi Januari ainue mkono. Msione haya. Haya, geukeni mtazame wenyewe. Ni kama nusu ya ukumbi. Mtu asiyetujua angedhani kule kwetu wanawake hujifungua siku moja tu kwa mwaka. Sisi tunajua ilivyokuwa. Karani kwenye kambi ya wakimbizi kauliza tarehe, mama kajibu, "Tulikuwa tunavuna maharage, mwaka ule wa vita." Karani kaandika moja ya moja, kamwita anayefuata kwenye foleni.

Shusheni mikono. Nimeanza hapo kwa sababu sheria iliyonileta mbele yenu, ya bima ya afya ya Medicaid, ina sharti linaloanza kazi Januari mosi mwaka 2027. Nyie waliowapa tarehe hiyo hamtaisahau.

Mimi ni mkalimani. Mwaka wa kumi na nne sasa nakaa kati ya daktari na mgonjwa, kati ya karani na mama anayebana mkoba wake. Siri za watu si zangu, kwa hiyo mifano ya leo ni ya nyumbani kwangu au ya watu walioniruhusu niiseme.

Medicaid mnaijua, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, wengine mnaiita kadi ya hospitali. Ilianza mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson aliisaini siku moja na Medicare ya wazee. Serikali kuu inatoa sehemu kubwa ya fedha, jimbo linatoa iliyobaki, na jimbo ndilo linaloiendesha. Ndiyo maana ndugu yako aliyehamia Texas anakwambia habari nyingine kabisa, wala hakudanganyi. Kwa miaka mingi mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hakuwa na nafasi humo hata akiwa fukara wa kutupwa. Sheria ya afya ya wakati wa Obama, ya 2010, ndiyo iliyomfungulia mlango, halafu mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikasema kila jimbo liamue lenyewe kufungua au kutofungua. Kentucky ilifungua Januari 2014. Tennessee, hapo mpakani tu, mpaka leo haijafungua, na si peke yake: yako majimbo kumi.

Mlango huo una boriti juu. Anayeishi peke yake, kipato chake kisizidi kama dola 1,800 kwa mwezi. Familia ya watu wanne, kama dola 3,700. Ukipita hapo unagonga kichwa. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapoumia bure: watoto wana boriti yao, iko juu zaidi. Baba anapata ovataimu ya Desemba, inakuja barua inasema umezidi, baba anaitupa kwenye pipa na kutangaza nyumba nzima haina bima. Kumbe aliyetoka ni yeye. Watoto wamo vilevile.

Sasa kwenye mlango huohuo wameweka na kizingiti chini.

Sheria aliyoisaini Rais Trump tarehe 4 Julai mwaka huu inasema hivi: mtu mzima wa miaka 19 hadi 64, aliyeingia kwa ule mlango wa 2010, aonyeshe saa 80 kila mwezi. Saa hizo ziwe za kazi, au za kujitolea kwa jamii, au za mafunzo ya kazi, au awe anasoma angalau nusu ya masomo ya kawaida. Anaruhusiwa kuchanganya. Ni kama saa 20 kwa wiki. Majimbo yaliyotaka yanaweza kuanza mapema, na waziri wa afya anaweza kuliongezea muda jimbo ambalo halijawa tayari, lakini mwisho wa nyongeza ni mwisho wa 2028.

Naona nyuso zenu. Mnajiuliza, kazi? Sisi tuambiwe kazi? Yule baba pale nyuma amesinzia, msimwamshe, ametoka ghalani alfajiri, amepitia nyumbani kuoga tu akaja. Wazee wetu walituambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waliopitisha sheria hii nao wanasema hivyohivyo kwa Kiingereza, na kama lingekuwa jembe tu mimi nisingesimama hapa. Jembe tunalo, mikono yetu inasema. Hii sheria haikuulizi jembe. Inakuuliza risiti ya jembe.

Niwape kisa cha Arkansas, maana kule walishaonja. Juni 2018 Arkansas ilianza sharti hilihili, saa hizihizi 80, kwa watu wa miaka 30 hadi 49. Mwanzoni mtu alitakiwa aripoti saa zake kwa intaneti tu. Hakuna kupiga simu, hakuna kwenda na karatasi yako mkononi. Na tovuti yenyewe ilikuwa inafungwa kila siku kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi. Hebu fikirini, tovuti inayolala! Mtu anayefanya kazi mchana kutwa, akirudi, akapika, akawalaza watoto, akishika simu aandike kwamba amefanya kazi, anaambiwa pamefungwa, njoo kesho. Mwaka haujaisha, zaidi ya watu 18,000 wakawa wamepoteza bima. Watafiti wa Harvard wakaenda kuuliza kaya kwa kaya kwa simu. Wakakuta katika kila watu 100 waliolengwa na sharti lile, zaidi ya 95 tayari walikuwa wanafanya kinachotakiwa au walistahili msamaha. Na idadi ya wenye kazi haikuongezeka. Walioanguka hawakuanguka kwa uvivu. Wengi hata hawakujua kuna jambo linaendelea.

Na sisi hapa Kentucky tulikuwa wa kwanza kupewa kibali cha sharti hili na waziri wa afya, kabla ya Arkansas. Januari 2018, wakati wa Gavana Matt Bevin. Ilikuwa ianze Julai mosi. Ijumaa tarehe 29 Juni, jaji mmoja wa Washington, James Boasberg, akaisimamisha. Alisema waziri hakupima kama mpango huo utawasaidia watu kupata matibabu, na kutibu ndiyo kazi ya Medicaid. Makadirio ya jimbo lenyewe yalionyesha orodha ingepungua watu 95,000. Jibu la jimbo lilikuwa kukata bima ya meno na macho kwa watu wazima, siku ileile ya Jumapili. Wapo humu wanaokumbuka. Jumatatu yake nilikuwa kwenye kliniki moja na mama aliyekuwa ameshakaa kwenye kiti cha kung'olea, bibu kifuani, taa usoni. Karani akaingia, akamnong'oneza daktari. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia mama ashuke. Nimefasiri habari za saratani, nimefasiri habari za misiba, lakini "shuka kwenye kiti, mama" ilinikaa shingoni. Wiki chache baadaye meno yakarudishwa. Lile jino halikusubiri.

Mnaniuliza kila Jumapili: si mahakama itazuia tena? Nisiwape matumaini ya bure. Safari ile kilichozuiwa kilikuwa kibali cha waziri. Safari hii Bunge limeandika sharti ndani ya sheria yenyewe. Hoja iliyomshinda waziri haitasimama kirahisi mbele ya Bunge.

Kuna hesabu moja naomba wanaopenda hesabu waishike. Ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani, ambayo haina chama, ilikadiria kwamba sharti hili la kazi litaokoa kama dola bilioni 326 kwa miaka kumi, na kwamba kwa sababu yake watu zaidi ya milioni 5 hawatakuwa na bima ifikapo 2034. Sasa jiulize fedha hizo zinaokolewaje. Ukifanya kazi saa 80 na ukaripoti, unabaki ndani, na serikali inakulipia vilevile. Hakuna senti iliyookolewa hapo. Fedha inabaki pale mtu anapotoka. Mimi sijasomea uchumi, lakini nimeuza samaki soko la Mwanga, na najua faida inatoka upande gani wa mizani.

Georgia ndiyo inayoendesha kitu kama hiki kwa sasa, tangu Julai 2023. Walitarajia watu kama 25,000 mwaka wa kwanza. Wakaingia 4,000 na kidogo. Habari za Georgia ziishie hapo.

Turudi nyumbani. Kuna njia ndani ya sheria ambayo watu hawaisemi. Badala ya kuhesabu saa, unaweza kuonyesha kipato cha dola 580 kwa mwezi. Wamechukua mshahara wa chini wa taifa, dola 7 na senti 25, wakauzidisha kwa 80. Hapa Louisville ghala linalipa zaidi ya hapo. Anayelipwa dola 17 kwa saa anafika 580 kwa saa 35 tu za mwezi mzima. Kwa hiyo wewe uliyepunguziwa shifti usikimbilie kusema umeshindwa. Tazama stabu ya cheki, ile karatasi ya mshahara, jumla ya juu kabla ya makato. Na kazi za msimu, kama wale wanaokwenda kwenye tumbaku, kipato kinaweza kupigiwa wastani wa miezi sita. Dereva wa Uber, dada anayesuka nywele sebuleni kwake, fundi cherehani: nyie hamna stabu. Kuanzia leo mna daftari. Tarehe, kazi, saa, pesa. Sijui karani atalipokea vipi, lakini asiye na kitu mkononi nimeshaona anavyopokelewa.

Wapo waliosamehewa. Mzazi au mlezi wa mtoto wa miaka 13 au chini, na anayemlea mlemavu. Bibi unayelea wajukuu, nawe umo, ila itabidi uonyeshe kuwa ni wewe unayewalea. Akina mama, andikeni hili: kitinda mimba akitimiza 14, mlango wa msamaha unafungwa siku hiyo, wala hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Mjamzito amesamehewa, na aliyejifungua karibuni. Anayetibiwa ulevi au dawa za kulevya. Na mgonjwa, yule ambaye sheria inamwita dhaifu kiafya, lakini udhaifu huo usomeke kwenye faili.

Hapo nasimama kidogo, kwa ajili ya mzee mmoja ambaye yuko humu na amenipa ruhusa. Wanawe wanasema alikuwa kijana mwenye ndevu wakati wa uasi wa Mulele kule Kongo. Anzieni mwaka 1964, pigeni hesabu. Karatasi zake zinasema ana miaka 58. Kambini Nyarugusu, kule Kigoma, walimwandika hivyo, kwa haraka, na aliogopa kubisha, maana kule anayebisha jina au tarehe anaweza kukosa mgao. Magoti yake ni ya mtu wa themanini. Lakini kompyuta haina macho ya kuona magoti. Kwa sheria, huyu mzee ni kijana wa kazi kwa miaka saba ijayo, na Medicare haimpokei mpaka karatasi ifike 65. Dawa yake haipo kwenye kubishana na tarehe, hiyo ni safari nyingine na ndefu. Dawa yake ni kwamba kila akienda kliniki aseme magoti yanauma, asiseme "namshukuru Mungu, naendelea vizuri." Wazee wangu, adabu yenu inawaponza. Daktari akiuliza "habari yako," anauliza ugonjwa. Ukijibu "nzuri," mimi nafasiri "nzuri," naye anaandika "nzuri," na hiyo ndiyo itakayosomwa 2027.

Kambini tulikuwa na uhakiki. Mnajisikia vibaya nikilitaja neno hilo, najua. Jua kali, foleni, alama kidoleni, asiyeonekana siku hiyo anafutwa. Kuanzia mwisho wa 2026 bima yenu mliomo kwenye mlango huu itahakikiwa kila miezi sita badala ya mwaka. Tofauti na kambini ni kwamba hakuna kipaza sauti kinachopita kwenye vibanda. Kinachokuja ni bahasha. Ukionekana hujatimiza saa unapewa siku 30 za kuleta ushahidi, na siku hizo hazianzi siku ulipoifungua bahasha. Na ukitolewa kwa sababu ya saa, usidhani utaenda kununua ile bima nyingine yenye ruzuku ya serikali. Sheria imefunga na huko.

Nami niseme langu, msije mkadhani nawahubiria kutoka mimbarini. Wakati wa korona hakuna aliyeondolewa. Mwisho wa Machi 2023 kinga hiyo ikaisha, na majimbo yakaanza kuwapitia watu upya. Zaidi ya milioni 25 nchi nzima waliondolewa, na karibu saba katika kila kumi si kwa sababu kipato chao kilizidi, ni makaratasi tu: barua haikujibiwa, anwani imebadilika, fomu haikusainiwa. Mwanangu wa kiume alikuwa mmoja wao. Mimi, mkalimani, ninayewasomea watu barua, barua ya mwanangu ilikaa juu ya friji wiki tano chini ya kalenda ya kanisa. Nilijua ni ya bima. Nilisema nitaifungua nikipumzika. Niliifungua duka la dawa, pampu ya pumu kaunta, muuzaji ananiambia kadi haisomi. Tulirudishwa baadaye, watoto hurudishwa upesi kidogo. Pampu niliilipia mfukoni.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ni zito, na linawahusu wengi wenu kuliko hizo saa.

Sheria hiihii, kuanzia Oktoba mosi mwakani, inawatoa wakimbizi kwenye Medicaid. Na waliopewa hifadhi. Rudieni kusikia: mkimbizi aliyeletwa hapa na serikali yenyewe, akakaguliwa miaka na miaka kabla ya kupanda ndege, kama bado hana grini kadi, ile ya ukaazi wa kudumu, mlango umefungwa kwake. Hata akifanya kazi saa 200 kwa mwezi. Kwenye stempu za chakula imeshaandikwa hivyo tangu Julai. Hao wanaosema sheria hii ni ya kuwahimiza watu wafanye kazi, mimi ningependa mmoja wao aje aniambie hapo kazi imeingiaje.

Atakayekuwa na grini kadi anabaki. Na hapa kuna kheri moja ambayo watu wanaichanganya: mwenye grini kadi wa kawaida, kwa mfano aliyekuja kwa bahati nasibu, anasubiri miaka mitano kabla ya Medicaid. Aliyeipata kutokana na ukimbizi hasubiri. Kwa hiyo, wewe uliyefika hapa mwaka umepita na hujaomba, na najua mpo, mnasema tutaomba tukikusanya karatasi, tukihama nyumba, tukimaliza msiba, huo muda umeisha. Maombi huchukua miezi mingi, na Oktoba haiwezi kusogezwa. Kuhusu watoto na wajawazito, majimbo mengi yana nafasi yao ya pekee hata bila kusubiri hiyo miaka, kwa hiyo msiwafute wenyewe kichwani kabla ya kuuliza. Na dharura, uchungu wa uzazi au ajali, nendeni hospitali, hiyo bado ina fungu lake.

Simu ya ofisi ya bima ikipokelewa kwa Kiingereza, msikate. Semeni neno moja tu, "Swahili," msubiri. Mkalimani ni haki yenu na halipwi na nyie. Mtoto wa darasa la nne asifanywe mkalimani wa bima, nimewaona, anafasiri "umeondolewa" kwa sauti ya chini huku anamtazama mama yake.

Nimeona mama watatu wameingia na mikoba mizito, na najua kilichomo, kwa sababu na mimi nina friji. Meza iko pale karibu na birika la chai. Nina kisu cha kufungulia na dada wawili wa kunisaidia kusoma. Mwenye bahasha aje nayo hivyohivyo ilivyo, hata kama ni ya mwezi wa tatu, hata kama mtoto ameichora. Ukumbi tumepewa mpaka saa kumi na moja. Mzee wa magoti, wewe uanze.